Kadiri ya Pumzi: Panya wa Maabara na Mipaka ya Dharura

Je, binadamu ana haki ya kumnyima mnyama pumzi ili ajifunze namna ya kumtibu binadamu mwenzake? Swali hili ni kongwe kuliko maabara za kisasa, lakini limepata sura mpya katika utafiti wa hipoksia ya vipindi, yaani hali ambayo mwili hupungukiwa oksijeni kwa muda mfupi, huipata tena, kisha hupungukiwa tena, mara nyingi kwa saa moja na kwa siku nyingi mfululizo. Hali hiyo huwapata watu wengi usingizini bila wao kujua: misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, mkoromo hukatika ghafla, oksijeni katika damu hushuka, na ubongo humshtua mlalaji kiasi cha kumfanya avute hewa kwa nguvu na kurudi usingizini, naye asubuhi hakumbuki lolote ila uchovu. Madaktari huhesabu vipindi hivyo kwa saa, na mtu anayefikisha 30 au zaidi huhesabiwa kuwa na ugonjwa mkali. Kwa kuwa wagonjwa wa aina hii mara nyingi huwa pia na unene, kisukari au shinikizo la damu, ilikuwa vigumu kujua kama madhara ya moyo na mishipa yanatokana na kukatika kwa pumzi kwenyewe au na maradhi yanayofuatana nako, na ugumu huo ndio uliomwingiza panya katika habari hii.

Mwaka 1992 Eugene Fletcher na wenzake, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililokuja kuigwa na maabara nyingi. Panya waliwekwa ndani ya vyumba vidogo vilivyopitishiwa naitrojeni na hewa kwa zamu, hata oksijeni, ambayo katika hewa ya kawaida ni asilimia 21, ikawa inashuka hadi kati ya asilimia 3 na 5 na kupanda tena mara mbili kila dakika, kwa saa kadhaa za mchana, ambao kwa panya ndio wakati wa kulala, kwa muda wa siku 35. Shinikizo lao la damu lilipanda, na lilibaki juu hata katika saa walizokuwa wakivuta hewa ya kawaida, ilhali wenzao wa kulinganishia, waliokaa katika vyumba vya namna hiyo hiyo na kupulizwa hewa isiyopunguzwa kitu, hawakupatwa na badiliko hilo. Panya hao hawakuwa wanene wala hawakuvuta sigara. Kilichowatofautisha na wenzao kilikuwa pumzi iliyokatizwa, basi. Hoja ya kisayansi ilikuwa safi, na usafi wake ulitokana na tendo ambalo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu afanyiwe mtu kwa kiwango hicho.

Watafiti waliofuata walitaka kujua madhara hayo hupitia njia gani, na sehemu kubwa ya jibu ilipatikana katika inflamesheni, yaani mwitikio wa kinga ambao kidondani huonekana kama wekundu, joto, uvimbe na maumivu, lakini ndani ya mishipa ya damu unaweza kuendelea kwa miaka bila dalili ya nje. Mwitikio huo huendeshwa na ishara za kikemikali, na mojawapo ya protini zinazoziongoza ni NF-kappaB, iliyoelezwa mara ya kwanza na Ranjan Sen na David Baltimore mwaka 1986. Katika seli iliyotulia protini hiyo hukaa nje ya kiini ikiwa imeshikwa na protini nyingine inayoizuia. Seli inapopata msukosuko, kizuizi huvunjwa, nayo huingia kiini na kuamsha jeni zinazotengeneza saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari, kama vile TNF-alfa na interleukini-6. Oksijeni inapopungua na kubaki chini, kama kwa mtu aliyehamia nyanda za juu sana, mwili hutegemea zaidi protini iitwayo HIF-1, ambayo huusaidia kuuzoea uhaba huo, na uchunguzi wa namna seli zinavyohisi oksijeni uliwapatia William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Oksijeni inayopotea na kurudi tena na tena ina tabia nyingine, kwa sababu kila inaporudi huzalisha molekuli kali za oksijeni zinazozijeruhi seli na kuziamsha ishara za hatari, hivi kwamba madhara hayatokani na kukosa peke yake, bali pia na kurudishiwa.

Mwaka 2005 Silke Ryan na wenzake wa Dublin walionyesha, katika seli zilizooteshwa maabara, kwamba upungufu wa vipindi huamsha NF-kappaB kuliko unavyoamsha HIF-1, na kwamba wagonjwa wa pumzi kukatika usingizini walikuwa na TNF-alfa nyingi zaidi katika damu, ambayo ilishuka walipotibiwa kwa mashine ya kusukuma hewa puani. Mgawanyo huo haukubaki mwepesi hivyo, kwani mwaka 2006 kundi la Nanduri Prabhakar lilionyesha kwamba panya wenye nakala moja tu ya jeni ya HIF-1alfa, badala ya mbili, hawapandi shinikizo la damu kama wenzao wanapokatiziwa pumzi, jambo linalomaanisha kwamba njia zote mbili zina sehemu yake. Seli zilizotumika Dublin, ikumbukwe, zilikuwa za ukoo wa HeLa, ambao asili yake ni uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani Mweusi aliyefariki Baltimore mwaka 1951 na ambaye hakuombwa ridhaa. Kwa hiyo hata mtafiti anayemwepuka mnyama hajatoka nje ya historia ya waliochukuliwa kitu bila kuulizwa.

Msingi wa matumizi ya panya ni kufanana. NF-kappaB ya panya hufanya kazi kwa utaratibu ule ule wa binadamu, mishipa yake huumia kwa namna inayolingana, na ubongo wake haunusuriki: mwaka 2001 David Gozal na wenzake walieleza kwamba panya waliokatiziwa pumzi walipoteza seli katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na wakashindwa kujifunza mahali pa kuegemea ndani ya bwawa la majaribio kama walivyoweza wenzao. Utata wa kimaadili unajulikana sana, yaani kwamba mnyama huteuliwa kwa sababu anafanana nasi, na huruhusiwa kuumizwa kwa sababu inasemwa hafanani nasi. Lakini katika utafiti wa pumzi utata huo una ukali wa pekee. Fuko asiye na manyoya, anayeishi chini ya ardhi Kenya, Ethiopia na Somalia, aliripotiwa mwaka 2017 kuwa anaweza kuishi dakika 18 bila oksijeni kabisa, kwa kubadili uchomaji wa sukari mwilini mwake na kutumia fruktosi. Mnyama huyo anavutia wanasayansi kwa sababu nyingine, lakini hawezi kuwa kielelezo cha ugonjwa huu, kwa kuwa haumii. Sifa inayomfanya panya afae ni kwamba anadhurika, na wala si sifa ya nasibu ambayo mtafiti angefurahi kuikosa.

Mapokeo ya dini hayakulikuta jambo hili katika umbo la vyumba vya naitrojeni, lakini yana mengi ya kusema juu ya kiumbe aliyefungiwa. Katika Uislamu, Qurani, katika sura ya al-An'am, inawataja wanyama na ndege kuwa ni umma mithili ya wanadamu, na Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinasimulia adhabu ya mwanamke aliyemfungia paka bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie, na katazo la Mtume la kumfunga mnyama aliye hai ili afanywe shabaha. Kinachozifunga Hadithi hizo mbili pamoja ni kwamba anayemwondolea mnyama uwezo wa kujitetea amejitwika dhima ambayo hakuwa nayo kabla ya kumfungia. Sura ya al-Maida nayo inamhesabu mnyama aliyekufa kwa kunyongeka miongoni mwa vilivyoharamishwa kuliwa. Aya hiyo inahusu chakula, na ni kuipotosha kuigeuza hukumu ya moja kwa moja juu ya maabara, ingawa inaonyesha kwamba namna ya kufa kwa mnyama haikuachwa iwe jambo lisilo na uzito.

Izz bin Abdisalamu, mwanazuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1262, na ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliziorodhesha haki za mnyama juu ya mwenye kummiliki: alishwe hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutofaa tena, asibebeshwe asichokiweza, asichinjiwe watoto wake mbele yake. Haki hizo hazikutolewa kwa sharti la kuwa mnyama ana akili ya kuzidai. Karne tatu hivi kabla yake, Ikhwan as-Safa, kundi la wanafalsafa wa Basra, waliandika risala ambamo wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, na kila hoja ya ubora inayotolewa na wanadamu, iwe ya umbo lililosimama, ya ufundi au ya elimu, inapanguliwa na wanyama mmoja baada ya mwingine. Wanadamu mwishowe wanashinda, lakini kwa hoja inayohusu maisha ya akhera na kuwepo kwa mitume na mawalii miongoni mwao, si kwa nguvu wala kwa werevu. Msomaji makini ataona kwamba ushindi wa aina hiyo una gharama, kwa sababu anayepewa mamlaka kwa kuwa atafufuliwa amepewa pia hakimu.

Kwa upande wa Ukristo, kitabu cha Mhubiri kinathubutu kusema, katika sura yake ya tatu, kwamba binadamu na mnyama wana pumzi moja na mwisho mmoja, kauli ambayo wafafanuzi wengi wamejaribu kuilainisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka ule ule wa 1992 ambao Fletcher alichapisha matokeo yake, inayakubali majaribio ya tiba kwa wanyama yakibaki ndani ya mipaka ya busara na yakisaidia kuokoa maisha ya watu, na papo hapo inasema kwamba kuwatesa wanyama bila haja kunapingana na hadhi ya binadamu mwenyewe. Immanuel Kant alikuwa amefika karibu na hapo mwaka 1797, alipokemea majaribio ya mateso yanayofanywa kwa ajili ya udadisi wa nadharia pale ambapo lengo lingeweza kufikiwa bila hayo, ingawa kwake wajibu huo ulikuwa wa mtu juu ya nafsi yake, kwa kuwa ukatili humfanya mtu awe mkatili. Jeremy Bentham, mwaka 1789, aliweka kipimo kingine kabisa, yaani uwezo wa kuumia. Kwa suala la pumzi tofauti ya Kant na Bentham haina uzito mkubwa kama inavyodhaniwa, kwa sababu wote wawili, kama ilivyo kwa Katekisimu na kwa mafakihi, wanalirudisha neno lile lile la haja, na hapo ndipo uchunguzi unapaswa kutulia.

Kanuni ya fikihi kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa ni maarufu, na watetezi wa majaribio huitegemea. Inayosahaulika ni pacha yake, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake: mwenye njaa ya kufa halali yake ni tonge la kumwokoa, si karamu. Ikiwa kumkatizia panya pumzi kunaruhusiwa kwa ajili ya kujua ugonjwa wa binadamu, basi ruhusa hiyo inafika mpaka pale ugonjwa wa binadamu unapofika. Vipindi viwili kwa dakika ni vipindi 120 kwa saa, mara nne ya idadi inayotosha kumhesabu mtu kuwa mgonjwa mkali. Jibu la watafiti si la kubezwa: mgonjwa hukatika pumzi kwa miaka kumi au ishirini, panya wa maabara huishi miaka miwili au mitatu tu, na kinachokosekana katika muda hufidiwa katika ukali.

Fidia hiyo ingekuwa halali kama madhara yangekuwa kitu cha kujumlisha, ambapo dozi ndogo ya muda mrefu ni sawa na dozi kubwa ya muda mfupi. Sayansi yenyewe haikubali hivyo. Angela Navarrete-Opazo na Gordon Mitchell, walipoyapitia maandishi ya fani hii mwaka 2014, waliona kwamba upungufu wa wastani, wa oksijeni ya kati ya asilimia 9 na 16 kwa vipindi 3 hadi 15 kwa siku, mara nyingi huleta faida bila ugonjwa, ilhali ule wa asilimia 2 hadi 8 kwa vipindi 48 hadi 2,400 kwa siku ndio unaozidi kuleta madhara. Kwa maneno mengine, tendo moja likifanywa kwa upole huweza kuimarisha mishipa ya fahamu hadi kutazamiwa kuwa tiba ya waliojeruhiwa uti wa mgongo, na likifanywa kwa ukali huwasha inflamesheni na kuua seli za ubongo. Kiasi hakiongezi tu madhara. Kinabadili aina ya tendo. Kwa hiyo mtafiti anayepandisha ukali ili afupishe muda hajui tena kwa hakika kama anachunguza ugonjwa wa mgonjwa wake au ugonjwa mwingine alioubuni mwenyewe, na shaka hiyo ya kisayansi ni shaka ya kimaadili moja kwa moja, kwa sababu dharura iliyodaiwa ilikuwa ya kuujua ugonjwa wa kwanza.

Kuna ushahidi kwamba shaka hiyo si ya vitabuni tu. Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya jaribio lililoitwa SAVE, lililowahusisha watu 2,717 wenye ugonjwa wa moyo au mishipa ya ubongo pamoja na kukatika pumzi kwa kiwango cha kati au kikali, wengine wakipewa mashine ya kusukuma hewa pamoja na matibabu yao ya kawaida na wengine matibabu ya kawaida peke yake. Mashine ilipunguza mkoromo na usingizi wa mchana, lakini haikupunguza mishtuko ya moyo, viharusi wala vifo vya moyo. Watetezi wake walionyesha, kwa haki, kwamba watu waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, muda mfupi mno. Hata hivyo, mtu aliyesoma majaribio ya panya kwa miaka ishirini na nne angetarajia zaidi ya hapo, na ni sawa kuuliza ni kiasi gani cha matarajio hayo kilitokana na ukali wa vyumba vya naitrojeni.

Hoja nzito zaidi kwa upande wa majaribio haitoki katika manufaa bali katika historia ya uovu. Mwaka 1942, katika kambi ya Dachau, madaktari wa Kinazi waliwafungia wafungwa katika chumba cha hewa hafifu ili kujua rubani anastahimili kimo gani, na wengi walikufa humo au kuuawa baadaye. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizozaliwa na kesi ya madaktari hao, ziliweka ridhaa ya mtu kuwa sharti la kwanza, na katika kifungu cha tatu ziliagiza kwamba jaribio juu ya binadamu litangulie kujengwa juu ya matokeo ya majaribio ya wanyama. Hati iliyomlinda mfungwa ndiyo hiyo iliyomkabidhi mzigo mnyama, na anayetaka kuuondoa mzigo huo kwa mnyama lazima aseme utakaa wapi. Wapo wanaosema usikae popote. Msimamo huo una heshima yake, ila unamtaka mgonjwa wa leo, ambaye naye hakuulizwa, alipie usafi wa dhamiri ya wengine.

Njia iliyo bora zaidi ilionekana wakati Renaud Tamisier na wenzake, mwaka 2011, walipochapisha habari za watu wenye afya waliojitolea kulala usiku 14 katika hewa iliyopungukiwa oksijeni kwa vipindi, nao wakapanda shinikizo la damu mchana. Watu hao walielezwa, walikubali, na wangeweza kuamka na kuondoka. Hawawezi kutoa ubongo wao ukatwe vipande, wala kuzaliwa bila jeni fulani, na hivyo sehemu ya kazi inabaki kwa panya. Lakini ni sehemu, na William Russell na Rex Burch, walipotaka mwaka 1959 kwamba mnyama abadilishwe kwa kingine panapowezekana, idadi ipunguzwe na mateso yalainishwe, hawakuwa wakipendekeza mapambo ya fomu ya kamati. Ajabu ni kwamba mbwa wa Kiingereza aina ya buldogi, ambaye mwaka 1987 alielezwa kuwa hukatika pumzi usingizini kwa maumbile yake, alifanywa hivyo na wafugaji waliopenda uso uliobapa, na hakuna kamati iliyowahi kuwauliza ni dharura gani iliyowasukuma.

Wajibu mmoja haupati uzito unaoustahili katika mijadala hii, nao ni ule wa kutangaza matokeo yasiyopendeza. Panya aliyekatiziwa pumzi kwa siku 35, kisha akauawa ili NF-kappaB ipimwe katika mishipa yake, ametoa alichotoa hata kama kipimo hakikuonyesha tofauti yoyote. Ikiwa jaribio hilo litafungiwa kabatini kwa sababu halikuwa na habari ya kusisimua, na maabara nyingine isiyojua ikalirudia juu ya panya wengine, basi hao wa pili hawakukatiziwa pumzi kwa dharura yoyote ambayo fakihi, Kant au Katekisimu ingeitambua.